Slasha ya futi 7 ilinishinda, ya futi 5 ndiyo inayomaliza kazi

Trekta langu ni dogo. Kwenye boneti limeandikwa 35, na miaka yote nimekuwa nikilitangaza hivyo kwa watu: la hosipawa 35. Nilipokwenda kununua slasha, ile mashine ya kufyekea malisho inayofungwa nyuma ya trekta, muuzaji aliniuliza swali moja tu, "Trekta lako la ngapi?" Nikamtajia 35. Akanipeleka moja kwa moja kwenye ya futi 7. Kwa maneno yake hesabu ilikaa sawa, maana kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni hosipawa 5 kwa kila futi ya upana, na 7 mara 5 ni 35. Nikalipa, nikaondoka nimevimba kichwa.

Hosipawa zinazohesabiwa kwenye kanuni ile si za injini. Ni za PTO, yaani zile zinazofika kwenye shafti fupi inayochungulia nyuma ya trekta na kuizungusha slasha. Kabla nguvu haijafika pale, giaboksi na pampu ya haidroli zimeshachukua chao. Kwa trekta langu kitabu kinasema 29. Kitabu chenyewe nilikuwa nacho siku zote, chini ya kiti, kimelowa dizeli, na ukurasa ule sikuwahi kuufungua. Gawanya 29 kwa 5 uone: haifiki hata futi 6. Mimi nimefunga 7.

Siku ya kwanza niliingia kwenye majani ya kufika kiunoni. Hatua kumi za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kisha injini ikaanza kuguna, moshi mweusi ukapanda, na mshale wa mizunguko ukashuka mbele ya macho yangu. Slasha ya aina hii imetengenezwa kufanya kazi PTO ikiwa kwenye mizunguko 540 kwa dakika. Visu vyake havikuchomelewa, vinaning'inia kwenye bolti mbili nene na kunyooka kwa kasi ya kuzunguka tu. Kasi ikipungua, vinajikunja nyuma kila vinapogonga kitu. Nikashuka kuangalia. Majani yalikuwa yamelala, ncha zimechanikachanika kama yamepitiwa na mbuzi, mashina yamesimama vilevile.

Dawa niliyoipata ilikuwa kurudi gia ya kwanza na kutambaa. Nikawa naenda kilomita 2 kwa saa, na ukithubutu kuzidisha, injini inaguna tena. Hapo ndipo nilipoona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa gunia nililifunga mwenyewe. Futi 7 ni mita 2.13. Kwa kilomita 2 kwa saa, unafyeka mita za mraba 4,260 kwa saa, ekari moja na kidogo. Leo, na slasha ya futi 5, upana ni mita 1.52 lakini trekta linakwenda kilomita 4 bila kulalamika, na hiyo ni mita za mraba 6,080, ekari moja na nusu. Sijahesabu pa kugeuzia wala pa kurudia. Ile nyembamba inamaliza mapema na dizeli inabaki kwenye tangi.

Uzito nao. Ile kubwa ilikuwa na zaidi ya kilo 400, na haidroli iliinyanyua vizuri tu, ndiyo maana sikushtuka. Lakini kunyanyua ni jambo moja na kutembea nayo ni jambo jingine, kwa sababu uzito wote unaning'inia mbali nyuma ya ekseli. Nilipopanda mteremko imenyanyuliwa, usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Nakata kulia, trekta linaendelea mbele. Nikaishusha chini hapohapo, moyo unadunda. Kipimo ninachokifuata sasa ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe. Kwa ile ya futi 7 ningelazimika kufunga vyuma vya uzito mbele, na bado nguvu ya PTO isingetosha.

Tukio lililonifanya niiuze lilikuwa la klachi. Trekta langu ni la klachi moja, pedali ileile inakata magurudumu na PTO. Nikaja karibu na mti, nikakanyaga klachi nisimame, trekta likaendelea kusogea. Visu vikubwa vikishashika kasi havisimami kwa sababu wewe umekanyaga klachi. Vinaizungusha shafti, shafti inazungusha gia, gia inasukuma magurudumu. Breki zilinisaidia, pua ya trekta ikasimama kwenye gome. Baadaye nikafunga kwenye shafti kifaa kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea peke yake bila kuvuta pedali. Kwa trekta la klachi moja, usinunue slasha ya upana wowote bila friwili. Ila ujue inaongeza urefu wa shafti, hivyo mabomba mawili ya shafti, la ndani na la nje, lazima yakatwe kwa kipimo kilekile. Usipoyakata, siku utakayonyanyua slasha shafti itaishiwa nafasi ya kujikunja na kuisukuma giaboksi ya slasha.

Safari ya pili ya dukani nilikwenda na futi kamba. Nilikuwa nimepima magurudumu ya nyuma kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa jingine: sentimita 148. Slasha ya futi 5 inakata 152. Sentimita 2 kila upande si nyingi, ila zinatosha tairi lisiache majani yaliyolazwa ambayo kisu hakiyafikii. Ingekuwa ya futi 4, ningepita kwenye uzio huku tairi linakanyaga na slasha haifiki. Kwa hiyo upana una mipaka miwili: chini ni magurudumu, juu ni PTO. Wangu ulibaki mwembamba sana katikati, na nashukuru, sikuwa na la kuchagua.

Nilichochagua ni unene. Kuna za futi 5 nyepesi zinazostahimili vijiti vya sentimita 2 na nusu, na za kati zinazokata hadi sentimita 5. Malisho yangu yana vichaka, nikachukua ya kati. Uzito uliongezeka, ila siko tena kwenye kushuka kila dakika kuangalia kama kitu kimevunjika.

Kuhusu bolti ya usalama kwenye shafti, ile laini inayokatika ukigonga kisiki, nakiri ujinga wangu. Wakati wa ile kubwa zilikuwa zinakatika mara mbili kwa siku, nikachoka, nikaweka bolti ngumu. Kisiki kilichofuata hakikukata bolti, kilivunja krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda. Mlio wake bado nausikia. Sasa nina mfuko wa bolti laini chini ya kiti, pamoja na kile kitabu, na msimu huu mzima nimebadilisha tatu.

Hii ya futi 5 nayo si malaika. Minyororo ya kuzuia mawe, mbele na nyuma, iliuzwa kando, jambo ambalo naliona ni uchoyo: ncha ya kisu inapita zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na jiwe likitoka hapo halichagui. Majani marefu inayaacha yamerundikana upande mmoja, hivyo kama unataka uwanja wa kuvutia macho tafuta mashine nyingine. Mbele naishusha sentimita 3 chini kuliko nyuma, vinginevyo inatafuna majani mara mbili na kula nguvu bure. Gurudumu lake la nyuma linagoma ukirudi nyuma kwa kona kali. Na mwezi uliopita kipande cha waya kilijisokota chini ya giaboksi, kikala sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, oili ikaanza kudondoka kwenye sahani ya visu. Nimeagiza sili nyingine. Kwa sasa naongeza oili kila asubuhi na kufyeka hivyohivyo.