Kisomaji cha RFID kwa kifaa cha mkononi: ninachokiweka mbele na ninachokiweka nyuma

RFID ni kutambua kadi au tagi (kitambulisho kidogo chenye chipu na antena) kwa mawimbi ya redio. Anza na kadi, ndipo uje kwenye kisomaji. Kadi au tagi ambazo kifaa chako kitasoma ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Tagi za kilohezi 125 hazisomwi na kisomaji cha megahezi 13.56 hata ukivigusanisha, na zile za UHF (masafa ya juu zaidi), kati ya megahezi 860 na 960, ni habari nyingine kabisa. Hata ndani ya 13.56 zipo familia mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya: ISO 14443, ambamo mna kadi za kugusisha kama MIFARE, na ISO 15693, inayotumika sana kwenye vitabu vya maktaba na bidhaa za ghala. Ukikosea hapa, hakuna programu itakayokuokoa.

Kama kazi ni kusoma kadi chache tu za 13.56, tazama simu yako kwanza. Simu za Android zenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kugusisha, kwa kawaida husoma familia zote mbili, na betri na skrini unavyo tayari. Yanayofuata ni kwa anayeunda kifaa chake mwenyewe.

Ugumu wa RFID uko kwenye kupokea. Kadi isiyo na betri hula nguvu kutoka kwenye wimbi la kisomaji, na hujibu wakati wimbi hilo hilo bado linapigwa. Kwa hiyo kwenye antena una wimbi lako lenyewe, kubwa, na juu yake mtikisiko mdogo sana ambao ndio jibu la kadi. Kwa ISO 14443 mtikisiko huo hukaa kilohezi 847.5 pembeni ya wimbi kuu, yaani 13.56 ikigawanywa kwa 16. Wengi hujaribu kuunda kipokezi chao kwa dayodi, kichujio na kilinganishi. Kinafanya kazi mezani, halafu kwa umbali fulani kadi inapotea, kisha ukiisogeza kidogo inarudi. Sababu ni kwamba mahali hapo jibu linabadilisha fezi ya wimbi, yaani wakati wa kupanda na kushuka kwake, na kuacha ukubwa wake vile vile, na dayodi huona ukubwa pekee. Chipu nzuri hupokea kwa njia mbili, ukubwa na fezi, hivyo mashimo hayo hayapo. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia, na ndiyo inayorahisisha mchoro wako wote.

Kigezo changu cha pili ni betri. Chukua kisomaji kinachotumia miliampia 60 kikiwa kimewasha wimbi. Betri ya miliampia-saa 1,000 itakwisha ndani ya saa 16 hivi. Washa wimbi kwa milisekunde 10 tu kila nusu sekunde, na wastani unashuka hadi miliampia 1.2, sehemu hiyo peke yake sasa itadumu zaidi ya siku 30, na mtumiaji hatahisi kuchelewa kokote.

Kwa sababu hizo, namba moja kwangu ni ST25R3916 ya STMicroelectronics. Inasoma familia zote mbili pamoja na kadi za FeliCa za Sony, kipokezi chake kina njia mbili, na ina hali ya kuamka yenyewe: chipu hulala, hupima antena mara kwa mara kwa umeme kidogo mno, na kuiamsha mikrokontrola pale tu kitu kinapokaribia. Inaweza pia kujirekebishia antena, jambo lenye thamani kubwa kwenye kifaa kinachoshikwa na mikono tofauti kila saa. Kasoro yake ni kwamba ina rejista nyingi (sehemu ndogo za kumbukumbu za kupangia chipu) na bodi zake zilizo tayari si nyingi sokoni. Tumia maktaba ya programu ya mtengenezaji, RFAL. Usiandike yako kutoka mwanzo.

Namba mbili ni PN532 ya NXP. Kwa mradi wa vifaa vichache, au kwa anayeanza, ningeinunua bila kusita. Mifano ya programu imejaa, na bodi zake za kawaida zina viswichi viwili vidogo vya kuchagua njia ya kuiunganisha na mikrokontrola: I2C, SPI au UART. Viangalie kabla ya kulaumu waya. Haisomi ISO 15693, na hilo halina njia ya kulizunguka.

PN5180 naiweka ya tatu. Inasoma 15693 vizuri na ina nguvu ya kutosha kuendesha antena kubwa, lakini nguvu hiyo inatoka kwenye betri yako, na bodi nyingi zinataka volti 5 kwa upande wa kurusha. Inafaa kifaa kikubwa cha kushika kwa mkono, si kitu cha mfukoni.

RC522, ile bodi ya bluu inayouzwa kila mahali, naiweka ya nne kwa sababu watu wengi huinunua kwa bei tu. Kwa kujifunza ni nzuri. Kwa bidhaa ya kuuza, hapana: inasoma kundi dogo tu la kadi, na NXP yenyewe haiipendekezi tena kwa michoro mipya. Ni ya volti 3.3, na pini iliyoandikwa SDA kwenye bodi hiyo hutumika kama pini ya kuchagua chipu ya SPI. Ikifika, soma rejista 0x37. Chipu halisi hujibu 0x91 au 0x92. Ukiona 0x88, umepewa mwigo.

RDM6300, moduli ya kusoma tagi za kilohezi 125, inunue iwapo tu tagi hizo zipo tayari na haziwezi kubadilishwa. Ni rahisi kuitumia, inatoa namba kwa UART kwa kasi ya 9600. Ila tagi za EM4100, aina ya kawaida ya kilohezi 125, hutangaza namba yao kwa kisomaji chochote na hunakiliwa bila shida, kwa hiyo usizikabidhi mlango wa maana.

UHF sikuipanga kwenye orodha. Moduli kama M6E Nano hurusha hadi nusu wati, hupata joto, na hutaka betri imara. Inunue kama unahitaji kusoma tagi nyingi kwa mita kadhaa, na uhakikishe imewekwa masafa ya nchi itakakotumika, maana Ulaya na Marekani hazitumii masafa yale yale.

Chochote utakachochagua kwenye 13.56, agiza na shiti ya feraiti, karatasi nyembamba inayouzuia uga wa sumaku wa antena usifike kwenye chuma. Antena ni koili, na betri ikikaa nyuma yake moja kwa moja, chuma chake hula uga huo na kuitoa antena kwenye masafa yake ya 13.56. Weka feraiti kati ya koili na betri, kisha rekebisha kapasita za antena kifaa kikiwa kimefungwa ndani ya kasha lake, betri ikiwa mahali pake. Na usitarajie maajabu ya umbali: koili yenye upana wa sentimita 4 itakupa sentimita chache tu, na kupita hapo uga hushuka kwa kasi kubwa.