Kabla hujalipia hadubini, iangalie steji kwanza

Walimu wa bayolojia na watu wa maabara ndogo za mitaani hapa Dodoma wananiletea lalamiko lile lile: "Dada, picha naiona vizuri, nikigeuka kuandika majibu nikirudi imepotea." Wengine wanadhani macho yao ndiyo mabovu, wengine wanakimbilia kubadilisha balbu. Mchawi ni steji, yaani kile kibao unachowekea slaidi, kioo chenye sampuli. Inashuka yenyewe taratibu kwa uzito wake, na hakuna muuzaji atakayekuambia.

Habari za kukuza mara ngapi siziweki hata kwenye orodha. Ukiona tangazo la mara 2000, pita. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya takribani mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo ukizidi sana mara 1000 unakuza ukungu tu. Lenzi ya 10 juu, ya jichoni, na ya 100 chini, ya upande wa slaidi, pamoja na tone la mafuta, zinakupa hiyo mara 1000, na zinatosha kumsaka mdudu wa malaria ndani ya chembe nyekundu yenye upana wa mikromita 7 au 8.

Na ni kwenye hiyo ya 100 ndipo steji inapokutesa. Kina inachokionyesha kwa wakati mmoja ni kama mikromita moja hivi. Steji ikishuka kiduchu, mdudu uliyekuwa unamhesabu hayupo.

Jaribu dukani, usione haya. Weka slaidi, tafuta picha kwa lenzi ya 40, toa mikono, halafu piga soga na muuzaji dakika tano. Chungulia tena bila kugusa chochote. Picha ikiwa imefifia, tazama pale nobu kubwa, ya kupandisha na kushusha steji, inapoingilia mwilini mwa hadubini: nyingi zina pete ya kukazia. Ipo? Akaze mbele yako, mrudie jaribio. Haipo? Muage kwa heshima.

Namba moja kwangu ni Olympus CX23, na upendeleo wangu siufichi. Nobu kubwa inakazika, kuna kizuizi kinachozuia steji kupanda mpaka lenzi ikapasua slaidi, na taa ni LED. Bei inauma, ndiyo. Lakini kama unasoma slaidi kutwa nzima, jibane.

Namba mbili ni hadubini za kampuni ya Motic za macho mawili, zinawafaa sana watu wa shule. Ila ijaribu ile ile utakayoondoka nayo, siyo ya maonyesho halafu upewe nyingine kwenye boksi.

Namba tatu ni Olympus za mtumba. Hapa uliza ilikuwa inaishi wapi. Zilizokaa Dar au Tanga zinaota kuvu kwenye lenzi kwa sababu ya unyevu. Imulike lenzi kwa tochi ya simu, ukiona nyuzi nyembamba nyeupe, achana nayo. Ukame wetu unatuokoa na hilo. Vumbi la kwetu nalo linaingia kwenye grisi ya meno ya nobu, kwa hiyo ifunike kila ukimaliza kazi, hata kwa mfuko wa nailoni.

Zile za kioo cha kuakisi jua ni za kuwaonyesha Form One ngozi ya kitunguu. Basi.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei ni siri? "Njoo inbox." Ukienda inbox unaulizwa, "Ni ya shule au binafsi?" Ukitaja shule tu, bei imepanda, kana kwamba shule za huku zinachimba dhahabu. Halafu mtu wa Dodoma unatakiwa ulipe yote kwanza, mzigo upakiwe kwenye basi, na ukifika steji inateleza unaambiwa ni barabara imeitingisha.

Siku hizi silipi mpaka nitumiwe video: slaidi, lenzi ya 40, dakika tano bila kukata, saa ya ukutani ionekane. Muuzaji mmoja wa Dar akanijibu, "Dada, una masharti kama mganga." Nikanunua kwa jirani yake.