Uzoefu wangu na MIT App Inventor: hamu ya kuandika programu inakoanzia

Nimetumia programu kadhaa za simu zilizokusudiwa kumvuta mtu ajifunze kuandika programu za kompyuta, na nyingi kati yake zimejengwa kwa mtindo mmoja: somo fupi, swali la kuchagua jibu, nyota, pongezi, kisha somo jingine. Moja kati ya hizo, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikinitumia ujumbe kila jioni kunionya kwamba mfululizo wangu wa siku za kusoma ulikuwa karibu kukatika, nami nikawa naifungua ili kuulinda mfululizo huo tu, najibu maswali mepesi ambayo majibu yake nilikwisha kuyazoea, kisha naifunga. Nilikusanya medali nyingi, lakini sikuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha mwenzangu nikamwambia kwamba nimekitengeneza mimi. Ndiyo maana tathmini hii naiandikia MIT App Inventor, ambayo haina medali wala mfululizo wowote, na bado ndiyo iliyonifanya nikeshe.

App Inventor ni mazingira ya kutengenezea programu za simu kupitia kivinjari cha kompyuta. Ilianzia katika kampuni ya Google mwaka 2010 chini ya uongozi wa Hal Abelson, profesa wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na mwaka 2012 ikahamia chuoni hapo, ambako inaendelezwa mpaka sasa na kutolewa bila malipo. Ukoo wake ni wa zamani zaidi ya hapo, kwani MIT ndiko ilikotoka Scratch, lugha ya vipande vya rangi ya kuwafundishia watoto kuandika programu, mwaka 2007, na ndiko alikofundisha Seymour Papert, mmoja wa waanzilishi wa Logo, lugha ya kompyuta ya mwaka 1967 iliyobuniwa kwa ajili ya watoto, aliyeshikilia maisha yake yote kwamba mtu huelewa vizuri zaidi anapojenga kitu anachokijali.

Kazi hufanyika katika kurasa mbili. Katika ule wa kwanza unapanga sura ya programu yako, yaani vitufe, picha, maandishi na sauti. Katika ule wa pili unaiambia programu ifanye nini, kwa kuunganisha vipande vya rangi ambavyo kila kimoja kina pengo au jino lake, hata kipande kisichofaa mahali fulani kinakataa kushika. Wakati huohuo simu yako, ikiwa na programu ndogo iitwayo AI2 Companion, inasoma msimbo wa QR ulio kwenye kompyuta na kuungana nayo, na kuanzia hapo kila unachobadilisha kwenye kompyuta kinaonekana simuni papo hapo. Kwangu hii ndiyo siri ya chombo hiki. Unabadilisha rangi ya kitufe, na kitufe kilicho mkononi mwako kinageuka rangi.

Mfano ulioninasa ni wa mpira. Unaweka turubai ya kuchorea, juu yake unaweka mpira, na mpira unakaa kimya kwa sababu kasi yake ni sifuri. Unaupa kasi na mwelekeo, ambao unahesabiwa kwa nyuzi: 0 ni kulia, 90 ni juu, 180 ni kushoto, 270 ni chini. Mpira unakwenda, unafika ukingoni na kugota hapo. Hakuna somo lililokuambia kwamba leo utajifunza matukio, yaani mambo yanayotokea ambayo programu huyajibu, lakini sasa unataka kujua jinsi ya kuiambia simu kwamba mpira ukigusa ukingo urudi, na unapotafuta unakuta kipande cha tukio hilohilo, EdgeReached, kikiwa kimebeba taarifa ya ukingo ulioguswa. Taarifa hiyo ni namba, ambapo ukingo wa juu ni 1 na wa chini ni -1, wa kulia ni 3 na wa kushoto ni -3. Unaichukua namba hiyo na kuipachika kwenye kipande cha Bounce, na mpira unadunda. Katika dakika hizo chache umegusa tukio, thamani inayopitishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine na amri inayoitumia, mambo ambayo kitabu kingeyagawa katika sura tatu, na umeyagusa kwa sababu mpira ulikuwa umekwama.

Baadaye nikaongeza hesabu ya alama. Niliihifadhi katika kigeu, yaani kisanduku cha kutunzia thamani inayobadilika, ikapanda vizuri kila mpira ulipoguswa, lakini nilipofunga mchezo na kuufungua tena alama zikaanza upya. Hapo ndipo nilipokutana na TinyDB, sehemu inayotunza data ndani ya simu hata programu ikiwa imefungwa. Kipande chake cha kusoma data kina pengo la ziada linalouliza irudishwe thamani gani endapo hakuna kilichowahi kuhifadhiwa. Pengo hilo dogo linakulazimisha umfikirie mtu anayefungua mchezo wako kwa mara ya kwanza, na sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kumfundisha mwanafunzi kuwaza kama mtengenezaji.

Mpwa wangu, ambaye mipira haimvutii hata kidogo, aliunganisha kihisi cha mtikisiko na sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, simu yake ikawa inalalamika kila anapoitikisa. Aliionyesha kwa kila aliyekuwa karibu, kisha akaniuliza namna ya kuifanya ilalamike kwa maneno tofauti kila mara. Swali hilo lilimfikisha kwenye orodha na uchaguzi wa nasibu bila mimi kumsukuma.

Mipaka ipo. Vipande vinafaa sana kwa kazi ndogo, lakini programu inapokua skrini hujaa, na mantiki ambayo kwa maandishi ingechukua mistari michache huenea kama mkeka. Vilevile mfumo haukuonyeshi msimbo wa maandishi unaolingana na vipande vyako, kwa hiyo anayetaka kuhamia Java au Kotlin, lugha za maandishi za kuandikia programu za Android, atalazimika kulivuka daraja hilo kwa msaada wa chombo kingine. Simu na kompyuta zinapaswa kuwa kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, ama sivyo uunganishe kwa waya wa USB kwenye Android. Asiyekuwa na kompyuta kabisa hataanza kwa urahisi, na hapo programu za masomo mafupi, pamoja na lawama zangu zote, zinamfaa zaidi.

Kama ningeulizwa na mtu anayebuni programu mpya ya kuamsha hamu hii, ningemshauri aache medali kwanza na apime muda unaopita tangu mgeni afungue programu hadi aone kitu alichokiamua mwenyewe kikitendeka. Ningemshauri pia dhana mpya isijitokeze kabla mwanafunzi hajakwama mahali inapohitajika. Vikumbusho vya jioni vinaweza kusubiri.

Kwa anayekwenda kujaribu, aanze na HelloPurr, zoezi la paka anayelia picha yake inapoguswa, kisha aende moja kwa moja kwenye mpira. Ahifadhi pia nakala ya kazi yake kwenye kompyuta kama faili la .aia, kwa sababu faili la .apk linalosakinishwa kwenye simu haliwezi kurudishwa kwenye vipande ili lihaririwe.