Uzoefu wangu: kukabidhi nyumba za kupangisha kwa kampuni ya usimamizi

Nyumba zangu za kupangisha zinasimamiwa na kampuni, na juzi nimesaini mkataba mwingine nao. Niliwatafuta kwa ajili ya kukusanya kodi. Kinachonifanya nibaki nao ni taarifa yao ya kila mwezi.

Kila nyumba ina mstari wake: kodi iliyotakiwa, iliyolipwa na tarehe yake, malimbikizo, matengenezo, ada yao, na kilichoingia kwenye akaunti yangu. Taarifa hizo ndizo zilizonionyesha kwamba nyumba yenye kodi kubwa kuliko zote ndiyo iliyokuwa ikiniingizia kidogo. Wapangaji walikuwa hawakai. Kila anayehama anaacha kuta za kupaka rangi, nyumba inakaa tupu, kisha kuna ada ya kumtafuta mwingine. Sasa mpangaji mzuri akifikia kuhuisha mkataba simpandishii kodi ovyo.

Ada yao ni asilimia 10 ya kodi. Wenye nyumba wengi hushtuka hapo, lakini tupige hesabu: kwa mwaka hiyo ni kodi ya mwezi mmoja na siku kama sita. Ikiwa ukijisimamia mwenyewe nyumba hukaa tupu miezi miwili, na wao wanaijaza ndani ya wiki mbili, ada imeshajilipa. Kwangu ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi, ingawa si zote. Jambo la kukazania ni kwamba asilimia hiyo ikatwe kwenye kodi iliyokusanywa, wala si kwenye kodi inayotarajiwa. Mpangaji asipolipa, na wao wasilipwe. Hapo utaona wanavyofuatilia madeni.

Kasoro yao kubwa ni matengenezo. Walikuwa wanaleta fundi wao, wanaongeza chao juu ya ankara yake, kisha mimi naletewa jumla tu. Hilo liliniudhi sana. Kwenye mkataba mpya tumeweka kiwango cha gharama: chini yake watengeneze bila kuniuliza, juu yake walete makadirio ya mafundi wawili, na ankara ya fundi mwenyewe niione. Dharura kama bomba kupasuka haisubiri ruhusa yangu.

Kwenye amana, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji anapoingia, nawapa alama zote. Wanaiweka kwenye akaunti ya peke yake, haichanganywi na kodi, na mpangaji anapoingia wanapiga picha kila chumba, kisha pande zote mbili zinasaini orodha ya hali ya nyumba. Mpangaji mmoja alipohama kukazuka ubishi kuhusu ukuta wenye unyevu. Picha za siku aliyoingia zilionyesha unyevu ulikuwepo tayari, akarudishiwa amana yake yote. Nilifurahi kwa dhati, maana ile ni pesa yake.

Kama una nyumba moja, iko karibu na unapoishi na mpangaji wako halipi kwa kusukumwa, sioni haja ya kumlipa mtu akusimamie. Ukiwa nazo kadhaa na zimetawanyika, watafute, ila kabla ya kusaini soma kipengele cha kuvunja mkataba. Wangu unataka notisi ya siku 30, na mikataba ya wapangaji, funguo na amana vyote vinarudi kwangu. Bila kipengele hicho nisingesaini.