Hemofilia ya mbwa au BLAD ya ng'ombe?

Mdogo wangu wa kidato cha sita, Tabata, amepewa dakika 10 aeleze ugonjwa wa kurithi wa wanyama. Amebakiza miwili, kila siku ananiuliza.

Hemofilia ya mbwa inachoreka haraka. Jeni mbovu iko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja tu, akiirithi kwa mama damu yake haigandi vizuri. Jedwali la miraba minne la kuonyesha watoto watakavyorithi, kazi imekwisha. Shida ni kwamba nusu ya darasa watakuja na hemofilia.

BLAD ya ng'ombe wa Friesian, yaani ugonjwa wa kurithi ambapo seli nyeupe za damu hazinati vizuri, ina kisa. Herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye jeni ya CD18, protini inayosaidia seli nyeupe kunata kwenye ukuta wa mshipa, basi seli hizo zinashindwa kutoka kwenye mshipa wa damu kwenda kupambana na bakteria. Ndama anadumaa, fizi vidonda, kuhara hakukatiki, wengi wanakufa wadogo. Chanzo kinachotajwa ni dume mmoja wa Marekani, Osborndale Ivanhoe, ambaye damu yake ilienea nchi nyingi kwa uhimilishaji. Jeni yenyewe ni fiche, kwa hiyo mnyama mwenye nakala moja anaonekana mzima kabisa! Na Friesian chotara hata mabanda ya Kimara wapo, picha anaifuata kwa daladala.

Ningekuwa yeye, BLAD. Ila ajiandae kwa swali la CD18, maana mwalimu wao hapendi vifupisho.