Mwewe na vifaranga wa uani: ununue nini kwanza hapa Dodoma

Ukifuga uani Nkuhungu, Miyuji, au kule Nala ambako majirani bado wachache, utajua mwewe amefika kabla hujamwona. Mama kuku anatoa mlio mmoja mrefu wa kukwaruza, jogoo anainamisha kichwa upande, jicho juu, kisha kivuli kinapita mchangani. Ukitoka na ufagio umeshachelewa. Mimi nilianza na vifaranga 11 wa kienyeji. Walipofikia ukubwa wa ngumi walibaki 4, na hakuna aliyeugua.

Kabla hujatoa hela, mjue mwizi wako. Mwewe, mwenye mkia wa panda, huzunguka juu na kunyakua kifaranga kwa kucha bila hata kutua. Kuku mkubwa hamwezi. Kipanga hujibanza kimya mtini na kutoka chinichini. Huyo hata tetea mdogo hamwachi. Kunguru nao wamo. Kwa hiyo pesa iende kwanza kwenye wiki 6 za mwanzo za kifaranga. Kufunika uwanja mzima kunaweza kusubiri.

Namba moja, na sioni cha kushindana nacho, ni kizimba cha vifaranga. Fremu ya mbao, futi 6 kwa 3, kimo futi 2, waya wa kuku pande zote na juu, mlango wenye komeo. Mama anaingia na watoto wake. Dukani omba waya wa matundu ya nusu inchi. Muuzaji atakusukumia wa inchi moja kwa sababu ni rahisi, lakini kifaranga wa siku tatu anapenya humo, akishatoka nje harudi, na nguchiro anakuwa anamsubiri. Bonyeza tundu moja kwa kidole gumba: likibonyea na kubaki hivyo, waya ni mwepesi. Mwambie akunjue roli na mpime pamoja, maana urefu ulioandikwa na urefu uliomo wakati mwingine ni vitu viwili. Chini acha wazi ili wachakure, na usiku warudi bandani. Kihamishe kila baada ya siku chache, na kisikae juani mchana: chini ya mwarobaini ni bora, ama tupia gunia upande mmoja.

Huna hela ya fundi? Nunua tenga kubwa, lipindue, weka jiwe juu. Kwa wiki mbili za mwanzo linatosha, na linapitisha hewa. Shida yake ni kwamba mama hana pa kugeukia na maji humwagika kila saa.

Namba mbili ni nyavu chakavu za wavuvi. Wavuvi wa Mtera huwa nazo, na ukizipata ni nafuu kuliko chochote kingine cha kufunika eneo kubwa. Simika mirunda, zungusha waya wa kufungia nondo juu, kisha vuta wavu mpaka ukaze kama ngozi ya ngoma. Ukilegea, ndege wananasa na kuku wakirukaruka wananing'inia miguu. Chagua za nyuzi zilizosokotwa. Timba, zile za uzi mmoja unaong'aa, ziache: zinakata miguu, na hata kwenye uvuvi zimepigwa marufuku. Nyavu nimezipa nafasi ya mbele ya neti ya kivuli kwa sababu moja tu: upepo wa mji huu. Wavu unaupitisha.

Neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani ya vitalu vya miche, ni namba tatu. Mwewe haoni kilichomo ndani, na kivuli ni faida kubwa kwenye jua letu. Ila upepo wa kiangazi ukiikamata inageuka tanga la jahazi na kung'oa nguzo. Funika kona moja tu, karibu na maji, na uishone pembeni kwa kamba badala ya kuipigilia misumari.

Kuezeka uwanja wote kwa waya wa kuku nimekuweka namba nne. Ni imara, lakini ni ghali na mzito, unabonyea katikati. Mwenye kuku chotara, kuroila au sasso, mia mbili wa biashara atarudisha hela yake. Wewe wa kuku kumi na tano, sidhani.

Za mwisho ni CD zinazoning'inia na sanamu ya bundi. CD zangu zilifanya kazi siku nne. Ya tano mwewe alipita katikati yake. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau; haina gharama, jaribu ukitaka, ila usiitegemee. Afadhali ununue kanga wawili. Hawapigani na mwewe, lakini kelele zao utazisikia ukiwa jikoni.

Sumu usinunue kabisa. Itaua mbwa wa jirani na ndege wasiohusika, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikuruhusu kuua ndege wa porini bila kibali. Ukichinja, fukia utumbo. Ukiutupa wazi umemwalika mwewe mwenyewe. Na hela ikibaki, chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila miezi 3, maana huo hauzuiwi na wavu.