Kikosi cha Skauti cha Shule: Maoni ya Mzazi Baada ya Miaka Minne

Mwanangu wa kwanza yumo katika kikosi cha skauti cha shule yake, hapa kisiwani Mombasa, kwa mwaka wa nne sasa, na kwa kuwa kila muhula unapofunguliwa wazazi wenzangu huniuliza kama ada inayotozwa inastahili kulipwa, nimeona niyaandike maoni yangu mara moja. Inastahili, ingawa leo inastahili kidogo kuliko mwaka aliojiunga, na kilichoipunguzia thamani ni kukua kwa kikosi chenyewe. Shule sitaitaja, maana baadhi ya nitakayosema ni malalamiko.

Katika kabati la mwalimu wa skauti kuna daftari la jalada gumu ambalo kila kiongozi aliyepita ameliachia mwenzake. Nilipewa nilisome siku niliyokwenda kuulizia sare. Ukurasa wa kwanza una majina 11, yote ya wavulana, na chini yake imeandikwa mali ya kikosi: kamba mbili, sufuria moja, bendera moja. Hema la kwanza linatokea kurasa nyingi baadaye, pamoja na hesabu ya mabuyu na mahamri yaliyouzwa na watoto hadi likapatikana. Kisha majina ya wasichana yanaanza kuingia, mawili, halafu matano, na leo katika daraja la Chipukizi wasichana ndio wengi, wakivaa skafu ya kikosi juu ya hijabu bila ya mtu kuona ajabu. Madaraja manne ya skauti nchini Kenya ni Sungura kwa wadogo, Chipukizi wanaowafuata, Mwamba kwa wale wa sekondari na Jasiri kwa vijana waliokwisha kuvuka umri wa shule. Kikosi hiki kina mawili ya mwanzo tu.

Uskauti uliingia Kenya mapema, mwaka wa 1910, miaka mitatu tu baada ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, kuwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akachanganya watoto wa matajiri na wa maskini, na kuwagawa katika patroli nne. Naitaja kambi hiyo kwa sababu hesabu yake ndiyo msingi wa lalamiko langu: patroli moja ilikuwa na watoto watano au sita, yenye kiongozi wao mtoto mwenzao, na ndani ya kundi dogo namna hiyo hakuna wa kujificha nyuma ya mwingine.

Alipojiunga mwanangu, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Patroli yake, inayoitwa Kasa, ilikuwa na watoto saba. Nilifuatana nao siku moja kupanda mikoko kwenye hori la Tudor, maji yakiwa yamekupwa, na kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba ambaye hakupaza sauti hata mara moja. Alipima nafasi kati ya mche na mche kwa fimbo yake, akamwonyesha kila mmoja namna ya kuishika ile mbegu ndefu ya mkoko, ncha ikitazama chini, na kuisukuma ndani ya tope bila kuipinda. Mtoto aliyeipachika kichwa chini aliambiwa aing'oe na airudie. Mwalimu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, na ninaamini kwamba ugumu wa kazi yake siku hiyo ulikuwa ni kunyamaza.

Muhula uliopita nilikwenda tena, pahali pale pale. Patroli ya Kasa ilikuwa na watoto 14. Sita walipanda, wanane walirushiana tope, na kiongozi wao, mvulana mwenye bidii na sauti iliyokwisha kukauka, alikuwa akikimbia kutoka upande huu kwenda upande ule kama kondakta wa matatu. Simlaumu yeye. Baden-Powell mwenyewe aliwashauri viongozi kwamba kikosi kisizidi vijana 32, akieleza kuwa yeye binafsi aliweza kuwafunza vyema 16 tu. Kikosi chetu kimepita 100, nacho kina walimu wawili. Wazazi tumechangia hali hii, kwani tangu mtaala mpya uanze kila mmoja wetu anatafuta shughuli ya kumkuza mtoto nje ya darasa, na shule haijawahi kumrudisha hata mmoja mlangoni.

Ada ni shilingi 500 kwa muhula, mbali na sare na kambi. Sare ni ya kaki na hushonwa na fundi yeyote mzuri; ninashauri ishonwe kubwa, kwa sababu ya mwanangu ilidumu mwaka mmoja na nusu. Mikutano hufanyika Alhamisi baada ya masomo, hivyo haigongani na madrasa, na katika mwezi wa Ramadhani hakuna kambi. Mpangilio huo ni wa kiungwana na sina la kuongeza.

Kambi ya mwaka jana ilifanyika Kwale, karibu na hifadhi ya Milima ya Shimba, ambako ndiko pekee nchini Kenya anakopatikana palahala, aina ya swala mkubwa. Watoto walivuka Likoni kwa feri wakiwa wamebeba mizigo yao wenyewe, walimwona palahala dume, na walijipikia. Hata hivyo, orodha ya vitu vya kubeba ilitufikia wazazi usiku wa kuamkia safari, na mahema hayakutosha, ikabidi watoto wanne walale katika hema la wawili. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu: "Tuwie radhi mama, idadi ilituzidi." Idadi hiyo ilijulikana tangu siku tulipolipa.

Pamoja na hayo, mtoto niliyerudishiwa si yule niliyempeleka. Anaosha sufuria kwa jivu na mchanga bila kuambiwa, na akifunga kamba haifunguki yenyewe. Jambo lililotuchekesha nyumbani ni alama za njia, zile ambazo maskauti huwaachia wenzao. Kila anapotoka huchora kwa chaki mshale mlangoni kuonyesha alikoelekea. Jumamosi moja alirudi kutoka madrasa, akachora duara lenye nukta katikati, kisha akaingia kulala. Nyanya yake alipoiona alichukua maji na ufagio, akaisugua huku akisoma Ayatul Kursi, akiamini kuwa jirani ametutupia kitu. Mjukuu wake alipoamka alimpa shikamoo, akamweleza kwamba duara hilo maana yake ni "nimekwenda nyumbani", na kwamba limechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, alikofariki mwaka wa 1941. Nyanya alimsikiliza hadi mwisho. "Basi baba," akasema, "ya makaburini yaache makaburini, mlangoni mwangu chora mshale."

Binti yangu mdogo anataka kuingia Sungura mwaka ujao, nami nitamlipia. Fomu yake nimeiambatisha na barua, iliyotiwa saini na wazazi sita, ya kuomba kikosi kigawanywe viwili na apatikane mwalimu wa tatu hata ikibidi ada iongezwe. Mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wake, kwetu au katika shule nyingine yoyote, asianze kwa kuuliza bei ya sare. Aulize patroli moja ina watoto wangapi, kisha aombe kuhudhuria mkutano mmoja wa Alhamisi na atazame ni nani anayezungumza zaidi, mwalimu au watoto.